Nusu saa kabla ya mtihani: kemia ya kukumbuka tuliyoipuuza

Jaji wa mashindano ya kuhifadhi Kurani hamuulizi mshiriki anajua nini. Anasoma maneno manne au matano ya mwanzo wa aya, ananyamaza, na kijana aliye mbele yake anaendelea kutoka hapo bila msahafu. Maneno manne yanaita ukurasa mzima. Ikitokea kijana huyohuyo akakwama katikati, akadokezwa neno moja tu la aya inayofuata, usomaji unarudi kwenye mwendo wake kama vile hapakuwa na tatizo.

Neno hilo moja halikumfundisha kitu. Aya ilikuwemo kichwani tangu mwanzo; kilichokosekana kwa sekunde zile ni njia ya kuifikia. Ndiyo hoja yangu katika makala haya: kuhifadhi jambo na kulikumbuka ni kazi mbili, kila moja ina kemia yake, na kila moja huharibika kwa sababu zake. Mitihani yetu, namna tunavyowahoji wazee walioanza kusahau, na biashara nzima ya vidonge vya kuongeza akili vimesimama juu ya dhana kwamba kazi ni moja tu, kwamba kilichoingia kitatoka chenyewe. Dhana hiyo ina makosa, na inawagharimu watoto alama walizozitolea jasho.

Wanasaikolojia waliliona hili mapema. Mwaka 1966 Endel Tulving na Zena Pearlstone waliwapa wanafunzi wa sekondari maneno yaliyopangwa kwa makundi, kila kundi na jina lake. Wakati wa kukumbuka, waliopewa majina ya makundi walitaja maneno mengi kuliko waliopewa karatasi tupu. Kisha hao wa karatasi tupu nao wakapewa majina yale, na maneno yaliyoonekana yamefutika dakika chache nyuma yakaanza kutoka. Kuwemo ni jambo moja, kufikiwa ni jingine. Ilichukua miongo kadhaa zaidi kujua tofauti hiyo inakaa wapi ndani ya seli.

Seli mbili za neva zinapokutana hazigusani. Kati yao kuna ufa mwembamba sana, sinapsi. Seli ya kwanza inamwaga kemikali iitwayo glutameti kwenye ufa huo, na seli ya pili inaipokea kwa protini zilizosimama juu ya utando wake. Protini hizo, yaani vipokezi, ziko za aina kadhaa, lakini hapa zinatuhusu mbili. Kipokezi cha AMPA ndicho kibarua wa kila siku: glutameti ikikigusa kinafunguka, sodiamu inaingia, na milisekunde chache baadaye kimeshafungwa. Kipokezi cha NMDA ni kigumu zaidi. Ndani ya tundu lake imekaa chembe ya magnesiamu kama kizibo, na glutameti peke yake haiwezi kuing'oa. Mpaka seli ya pili yenyewe iwe imeshachangamka kwa umeme ndipo magnesiamu inasukumwa nje na kalsiamu inapata pa kupita. Kwa hiyo NMDA hufunguka pale tu mambo mawili yanapotokea kwa pamoja. Ni kifaa cha kutambua kwamba hiki kimeambatana na kile.

Kalsiamu ikishaingia, inaamsha kimeng'enya kiitwacho CaMKII, na matokeo yake ni kwamba vipokezi vya AMPA vinaongezwa penye sinapsi ile. Kuanzia hapo glutameti ya kiasi kilekile inaleta mwitikio mkubwa zaidi. Timothy Bliss na Terje Lømo walichapisha mwaka 1973 vipimo vya ongezeko hili katika ubongo wa sungura, na mpaka leo hatuna picha bora zaidi ya jinsi jambo linavyoandikwa.

Sasa tazama mgawanyo wa kazi unaofuata. Kama kuandika ni kuongeza AMPA kwa amri ya NMDA, basi kusoma kilichoandikwa kunahitaji AMPA, na NMDA inaweza kupumzika. Kundi la Richard Morris wa Edinburgh lililipima hilo kwa panya mwaka 2003. Panya alionjeshwa chakula cha ladha fulani kwenye chumba cha kuanzia, kisha akafunguliwa kwenda uwanjani, ambako ladha ileile ilifukiwa kwenye mchanga mahali maalumu. Ladha ilikuwa ndiyo maneno manne ya jaji. Mahali ndiyo aya. Dawa ya kuzuia NMDA ilipoingizwa kwenye hipokampasi, kiungo cha kumbukumbu ndani ya ubongo, kabla ya kujifunza, panya hakujifunza. Ilipoingizwa baada ya kujifunza, muda mfupi kabla ya kuulizwa, panya alikwenda moja kwa moja hadi mahali pake. Lakini dawa ya kuzuia AMPA ilipotumika kabla ya kuulizwa, panya alipotea. Dawa moja inamzuia asiandike lakini anasoma vizuri. Nyingine inamfanya ashindwe kusoma kilichokwisha kuandikwa. Kwangu mimi hili ni moja ya majaribio safi kabisa katika sayansi ya kumbukumbu, kwa sababu linatenganisha kazi mbili ndani ya kiungo kilekile kwa tofauti ya kipokezi tu.

Hipokampasi ni kiungo kilichojikunja ndani ya kila upande wa ubongo, usawa wa masikio. Ndani yake kuna eneo linaloitwa CA3, na hapo ndipo kipande kinapogeuka kuwa kitu kizima. Kwa panya, CA3 ya upande mmoja inakadiriwa kuwa na seli 300,000 hivi, na kila seli inapokea takriban viunganisho 12,000 kutoka kwa seli nyingine za CA3 yenyewe. Ni baraza ambalo kila mjumbe anazungumza na maelfu ya wenzake. Seli zilizowaka pamoja wakati wa kujifunza zimeimarisha njia kati yao, hivyo ukiwasha sehemu yake tu, zinaamshana mpaka kundi zima linawaka, kisha taarifa inarudishwa kwenye gamba la ubongo, ambako sauti, sura na maneno yanaungana tena.

Mwaka 2002 maabara ya Susumu Tonegawa ilionyesha kinachotokea njia hizo zikikosa kuimarishwa. Walitengeneza panya wasio na vipokezi vya NMDA katika CA3 peke yake. Panya hao walijifunza kutafuta jukwaa lililofichwa chini ya maji kwa kuangalia alama nne zilizozunguka bwawa, na walipojaribiwa alama zote nne zikiwepo walikuwa sawa na wenzao wazima. Alama tatu zilipoondolewa, panya wazima waliendelea kufika. Wale wa pili walipotea. Kasoro ilikuwa ya wakati wa kujifunza, lakini haikuonekana mpaka vidokezo vilipopungua.

Mwalimu yeyote atamtambua mwanafunzi huyo. Anasoma kitabu kikiwa wazi, kalamu ya rangi mkononi, mchoro pembeni, kichwa cha habari juu. Alama zote nne zipo, kila kitu kinaonekana kinajulikana, naye anaamini ameelewa. Kwenye chumba cha mtihani anapewa alama moja, sentensi ya swali, na CA3 yake haijawahi kufanyishwa kazi ya kujenga nyumba kutoka tofali moja.

Kukumbuka kwa kipande kuna hatari yake pia, na mahafidhi wanaijua kuliko wanasayansi. Katika Surat Rahman, aya isemayo "Basi ni ipi katika neema za Mola wenu mnayoikanusha?" inarudi mara 31. Kidokezo kimoja, mwendelezo tofauti karibu kila mara. Anayetegemea aya hiyo peke yake ataruka kutoka sehemu moja ya sura hadi nyingine bila kujua, kwa kuwa njia zote zinaanzia mlango mmoja. Ndiyo maana walimu wa madrasa huwafanya wanafunzi wazifanyie kazi maalumu aya zinazofanana: wanashikilia aya iliyotangulia pamoja na ile inayojirudia, ili kidokezo kiwe cha vipande viwili. Hipokampasi ina eneo lake la kutenganisha mambo yanayofanana, ukanda wenye seli nyingi sana ambazo ni chache tu huwaka kwa wakati mmoja, na ukanda huo ndio unaoilisha CA3. Ukiupelekea taarifa za kutosha, hutenganisha. Ukiupelekea chembe iliyo sawa na nyingine thelathini, huna wa kumlaumu.

Njia ikishakuwepo, bado seli zinahitaji ruhusa ya kuwaka vya kutosha. Hapa ndipo inapoingia noradrenalini, kemikali inayomwagwa na kundi dogo la seli lililo chini ya ubongo kila tunapokuwa macho na tumechangamka. Mwaka 2004 Steven Thomas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwachunguza panya waliozaliwa bila kimeng'enya cha kutengenezea noradrenalini. Panya hao walijifunza vizuri, na mara tu baada ya somo walikumbuka. Walipoulizwa siku iliyofuata walikuwa kama hawajawahi kuona kitu. Waliporudishiwa noradrenalini kabla ya kuulizwa, kumbukumbu ilirudi. Ilikuwemo muda wote.

Kazi inakwenda hivi. Kila seli ya hipokampasi ikishawaka huingia kipindi cha kupoa: potasiamu inatoka nje, na kwa muda seli inakuwa nzito kuwaka tena. Noradrenalini inakamata kipokezi kiitwacho beta-1, kipokezi hicho kinaongeza ndani ya seli molekuli ndogo ya ujumbe inayoitwa cAMP, na cAMP inafupisha kipindi cha kupoa. Seli iliyokuwa ingewaka mara moja na kunyamaza inawaka mfululizo, na kidokezo dhaifu kinapata nguvu ya kuamsha kundi zima.

Hadi hapa mtu angesema: basi tuwachangamshe watoto, tuwatie hofu kidogo. La. Noradrenalini ina kipokezi cha pili, beta-2, na hofu inapokuwa kubwa hali inageuka. Utafiti wa kundi hilohilo uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba homoni ya msongo ikipanda, beta-2 huungana na protini inayopunguza cAMP badala ya kuiongeza. Kemikali ni ileile, seli ni zilezile, ila sasa breki ndiyo iliyokanyagwa.

Homoni yenyewe, kotisoli, hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, na haipandi papo hapo. Inachukua muda kufika kileleni, dakika 20 hadi 30 baada ya kishindo. Nambari hizo ndizo zinazolipa uzito jaribio la mwaka 1998 la Dominique de Quervain, Benno Roozendaal na James McGaugh. Panya waliojua vizuri mahali pa jukwaa kwenye bwawa walipigwa shoti ya umeme kabla ya kujaribiwa. Waliopigwa dakika 2 kabla walikumbuka. Waliopigwa saa 4 kabla walikumbuka. Waliopigwa dakika 30 kabla walisahau. Na pale watafiti walipozuia mwili wa panya kutengeneza homoni ya msongo, shoti ya dakika 30 haikuharibu kitu. Maumivu yenyewe hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa homoni iliyofika kileleni saa ya kuulizwa.

Panya si mtoto wa kidato cha nne, na mtu ana haki ya kusitasita. Lakini mwaka 2000 watafiti hao walichapisha jaribio la binadamu. Watu wazima wenye afya walijifunza maneno, na kesho yake, saa moja kabla ya kuyataja, walimeza miligramu 25 za kotizoni, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa kotisoli. Walitaja machache. Kidonge hichohicho kilipomezwa kabla ya kujifunza au mara tu baada ya kujifunza hakikuwa na athari kwenye kukumbuka. Dawa ile haikugusa kuandika, iligusa kusoma tu.

Sasa simama nje ya chumba cha mtihani wa taifa saa moja na nusu asubuhi. Watahiniwa wamepangwa mstari. Wanapekuliwa mifuko na soksi. Mtu mzima mwenye sauti kubwa anasoma orodha ya adhabu: kufutiwa matokeo, kufungiwa miaka. Mwingine anawaambia shule inawategemea, wazazi wameuza ng'ombe. Saa mbili karatasi zinagawiwa. Kama kungekuwa na mtu aliyekusudia kuchagua dakika mbaya kuliko zote za kuwatisha watoto hawa, asingechagua nyingine. Sidai kwamba mtihani usisimamiwe. Wizi wa mitihani ni uovu na unastahili kupigwa vita. Nadai kwamba upekuzi unaweza kufanywa kwa upole na ukaisha mapema, kwamba orodha ya adhabu inaweza kusomwa siku iliyotangulia ikabandikwa ukutani, na kwamba nusu saa ya mwisho ibaki tulivu: maji, choo, kukaa kitini, salamu ya mwalimu. Hakuna shilingi inayohitajika. Inahitajika tu kuamini kwamba mtoto anaweza kujua jambo na bado asiweze kulitoa, na kwamba sisi watu wazima tunaweza kuwa ndio sababu.

Kwa mtahiniwa ambaye limeshamkuta, kuna mambo mawili yenye msingi katika hayo niliyoeleza. Aache swali lililomganda aende kwenye yale anayoyaweza, kwa sababu kotisoli hushuka kadiri muda unavyopita, na saa ya pili ya mtihani si sawa na dakika zake kumi za kwanza. Akirudi, asilitazame lile neno analolitafuta. Aandike pembeni majirani zake: mada ilifundishwa baada ya mada gani, mchoro ulikaa upande gani wa ukurasa, mwalimu alitoa mfano gani. Anajirudishia zile alama tatu zilizoondolewa kwenye bwawa.

Swali kubwa zaidi ni hili: je, hata kumbukumbu inayoonekana imepotea kabisa inaweza kuwa imebaki? Tonegawa, aliyepata Nobeli mwaka 1987 kwa kazi ya kingamwili kabla ya kuhamia kwenye ubongo, alilijibu kwa mwanga. Seli inapofanya kazi kwa nguvu huwasha jeni iitwayo c-fos. Wahandisi wa jeni waliiunganisha jeni hiyo na nyingine inayotengeneza protini ya kuhisi mwanga, na kufuli ya mtambo mzima ikawa doksisaiklini, antibiotiki ileile inayopatikana kwenye duka la dawa la mtaani. Panya akila chakula chenye doksisaiklini, hakuna seli inayowekewa alama. Wanaiondoa, wanampa somo moja, mathalani shoti ndogo ndani ya kisanduku fulani, kisha wanairudisha. Seli zilizowaka katika somo hilo tu ndizo zinazobaki na protini ya mwanga. Mwaka 2012 walipitisha uzi mwembamba wa kioo hadi kwenye hipokampasi na kumulika mwanga wa buluu mara 20 kwa sekunde. Panya aliyekuwa akizunguka kwa amani ndani ya kisanduku kingine kabisa aliganda kwa hofu. Taa ilipozimwa akaendelea kutembea. Alikuwa amekumbushwa kwa swichi.

Jaribio lililonishughulisha zaidi ni la 2015, likiongozwa na Tomás Ryan katika maabara hiyo. Panya alifundishwa, na mara baada ya somo akapewa anisomisini, dawa inayozuia seli kutengeneza protini mpya. Kesho yake aliporudishwa kwenye kisanduku hakuonyesha hofu yoyote. Kwa vipimo vya zamani amesahau, habari imekwisha. Walipomulika seli zilizowekewa alama, aliganda. Ukizipima seli hizo, sinapsi zake hazikuwa zimeimarika kama za panya wa kawaida. Lakini ramani ya nani ameunganishwa na nani ilikuwa imebaki. Tafsiri ya watafiti ni kwamba protini mpya zinahitajika ili kidokezo cha kawaida kiweze kuifikia kumbukumbu, huku kumbukumbu yenyewe ikikaa kwenye ramani. Wako wataalamu wanaopinga, na pingamizi moja lina uzito: mwanga unalazimisha seli nyingi kuwaka kwa mpigo, jambo ambalo ubongo haufanyi, hivyo kuganda kwa panya hakuthibitishi kwamba amekumbuka kwa ukamilifu. Nakubali. Hata hivyo huwezi kukiita kwa swichi kitu ambacho hakipo.

Mwaka uliofuata, Dheeraj Roy na wenzake walifanya hivyo kwa panya waliobebeshwa jeni za ugonjwa wa Alzheimer, wakiwa katika hatua za mwanzo. Panya hao walikumbuka saa moja baada ya somo, lakini si siku iliyofuata. Mwanga uliirudisha kumbukumbu. Seli zenye alama zilikuwa zimepungukiwa na vichipukizi vidogo ambavyo ndivyo vinavyopokea sinapsi. Walipoviotesha upya kwa kusisimua njia inayoingia hapo, panya alikumbuka kwa kidokezo cha kawaida, bila mwanga. Ugonjwa ukishaua seli zenyewe hakuna cha kurudisha, na binadamu hawekewi uzi wa kioo. Lakini hatua za mwanzo zinastahili kutazamwa kwa jicho jingine.

Majumbani tunafanya kinyume. Mgeni anaingia, anakaa mbele ya bibi aliyeanza kusahau, anamuuliza mbele ya watu: "Bibi, unanikumbuka mimi nani?" Huo ni mtihani usio na kidokezo, na una hofu ya kuaibika ndani yake. Bibi anayumba, watu wanatazamana, na safari nyingine ataogopa wageni. "Shikamoo bibi. Mimi mjukuu wako, mtoto wa Halima, yule tuliyekuwa tukichuma naye embe kule shambani" inampa jina, ukoo, mahali na tendo, alama nne kamili. Mara nyingi yeye mwenyewe ataongeza la tano.

Kuhusu vidonge nitasema kwa kifupi. Ginkgo, inayouzwa kila mahali kama dawa ya kumbukumbu, ilijaribiwa Marekani kwa wazee 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, miligramu 120 mara mbili kwa siku kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha haikupunguza ugonjwa wa kusahau. Kinachofurahisha zaidi ni kazi ya watafiti wa Japani ya mwaka 2019 kuhusu histamini. Dawa inayoongeza histamini ndani ya ubongo iliwasaidia watu kutambua picha walizokuwa wamezisahau, lakini waliokuwa wakikumbuka vizuri tangu mwanzo walishuka. Kelele ikiongezeka, sauti dhaifu inapata msukumo na sauti iliyo safi inachafuka. Hakuna kidonge hapo cha kuwagawia darasa zima. Kuna onyo moja la karibu, hata hivyo: dawa za zamani za mafua na mzio, kama ile ambayo wengi huiita piritoni, huziba vipokezi vya histamini na kuleta usingizi. Asubuhi ya mtihani si wakati wa kumpa mtoto kidonge hicho kwa sababu ya kupiga chafya. Muulize mfamasia dawa isiyoleta usingizi.

Kukumbuka kuna tabia nyingine ambayo kabati halina: kitu ukikitoa hakirudi kama kilivyokuwa. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux waliwafundisha panya kuogopa mlio. Kesho yake waliupiga mlio mara moja, na papo hapo wakaingiza anisomisini kwenye amigdala, eneo la hofu. Siku iliyofuata hofu ilikuwa imekwenda. Dawa ileile bila mlio haikufanya kitu, na ikiingizwa saa 6 baada ya mlio haikufanya kitu. Kuulizwa kulikuwa kumelegeza kumbukumbu, na ilihitaji protini mpya ili ikaze tena. Miaka minane baadaye watafiti wa Korea walionyesha kwamba kulegea huko ni kazi ya makusudi: seli inabomoa baadhi ya protini zilizoshikilia sinapsi. Ukizuia ubomoaji, anisomisini haifuti tena. Si kila kumbukumbu hulegea. Za zamani na zenye nguvu hukataa, na mara nyingi panahitajika jambo jipya au lisilotarajiwa wakati wa kukumbuka. Ndiyo sababu majaribio ya kutibu hofu za binadamu kwa propranololi, dawa inayoziba vipokezi vya beta vya noradrenalini, yameleta matokeo ya kupanda na kushuka.

Kwa mwalimu, dirisha hilo la kulegea kwa kumbukumbu linanipa sababu ya kusisitiza kwamba daftari la majaribio lisikae wiki mbili bila kusahihishwa. Mtoto aliyetoa jibu lisilo sahihi amelitoa kwa juhudi; likiachwa, linakauka hivyohivyo. Sahihisho la papo hapo, hata la mdomo, linafika saruji ikiwa mbichi.

Kujiuliza bila kuangalia ndiko kunakoimarisha njia ya kutokea. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hili mwaka 2006 kwa vifungu vya kusoma. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliwashinda waliojijaribu, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja waliojijaribu walikuwa na asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Nambari za kwanza ndizo zinazowadanganya wanafunzi: usiku ule kusoma tena kunaonekana kunalipa.

Kisha mwaka 2016 Amy Smith, Victoria Floerke na Ayanna Thomas wakaunganisha nyuzi mbili za makala haya. Watu 120 walijifunza maneno na picha, nusu kwa kurudia kusoma, nusu kwa kujiuliza. Kesho yake baadhi yao waliwekwa kwenye msongo halisi, kuhutubia na kupiga hesabu mbele ya watu wanaowahukumu, na wakajaribiwa pia dakika 25 baada ya msongo kuanza, kotisoli ikiwa juu. Waliokuwa wamerudia kusoma walishuka. Waliokuwa wamejiuliza hawakushuka.

Hivyo, kwa mtoto mwenye miezi mitatu mbele yake: afunge daftari, achukue karatasi tupu, aandike kichwa cha mada peke yake juu, na atoe chini yake kila anachoweza kwa dakika kumi. Akikwama, ajipe herufi ya kwanza au neno la jirani kabla ya kufungua kitabu. Akikosea, asahihishe hapohapo kwa kalamu ya rangi nyingine. Kesho yake ajiulize tena swali lilelile, safari hii akiwa amekaa sehemu nyingine ya nyumba, kisha baada ya siku nne, kisha baada ya wiki mbili, kila mara akianza na kidokezo kidogo kuliko cha jana.